Matera: mapango yamekuwa hoteli, wenyeji wamebaki juu

Mjini Matera, katika mkoa wa Basilicata kusini mwa Italia, chumba cha wageni kinachosifiwa kuliko vyote ni pango. Ukuta ni jiwe la chokaa lililochongwa kwa mkono, taa zimefichwa, na beseni la kuogea limekaa pale palipokuwa na hori la baghala. Pango la namna hiyo hiyo ndilo lililoitwa aibu ya taifa. Mwaka 1950 Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alikwenda kujionea mwenyewe, na mwaka 1952 ikatungwa sheria ya kuwahamisha wakazi wapatao 15,000 kutoka mitaa hiyo ya mapango, Sassi, na kuwapeleka kwenye mitaa mipya juu ya uwanda na katika kijiji cha La Martella kilichojengwa kwa ajili yao.

Leo watalii ni wengi mno Sassi, na wenyeji wanabishana. Wapo wanaosema utalii umeuokoa mji, na wapo wanaosema umewatoa wenyewe kwa mara ya pili.

Tuanze na maisha yalivyokuwa, kwa sababu pande zote mbili huyapamba. Familia nzima ililala chumba kimoja na mnyama wake wa kazi. Kitanda kiliinuliwa juu ili kuku wakae chini yake, mtoto mchanga akaning'inizwa kwenye susu juu ya kitanda cha wazazi. Unga ulikandwa nyumbani lakini mkate ulichomwa kwenye tanuri la mtaa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugonga juu ya donge, ili mkate wa huyu usichukuliwe na yule. Siku hizi mihuri hiyo inauzwa madukani kama zawadi. Ni kazi nzuri ya mikono, sikatai. Lakini walioitumia waliishi na malaria na trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, na walizika watoto wengi. Anayesimulia Sassi ya zamani kana kwamba ilikuwa pepo ya ujirani hajasimulia hata nusu yake.

Hoja ya wanaoutetea utalii ina uzito. Baada ya watu kuondolewa, mitaa ile iliachwa ikaoza. Pango linahitaji mtu: njia za maji zizibuliwe, mahodhi yafagiliwe, dari ikaguliwe. Bila mkazi, maji hupenya na jiwe hudondoka. Mwaka 1986 ndipo sheria nyingine ilipoleta fedha za ukarabati na kuruhusu watu kurudi. Mwaka 1993 UNESCO ikaitia Sassi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na makanisa yaliyochongwa miambani katika korongo la jirani, na mwaka 2019 Matera ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Katika mkoa ambao wakazi wake wote hawafiki 600,000, na ambao vijana wake kwa miaka mingi wamekuwa wakifungasha kwenda Milan na Turin, kazi ya hoteli si ya kuchezea.

Upande wa pili nao hauna porojo. Pita vichochoroni jioni utasikia magurudumu ya mabegi kwenye mawe kuliko sauti za watoto. Nyumba ambayo ingempokea fundi na mkewe inalipa zaidi ikilaza wageni kwa usiku mmoja. Wasomaji wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu hawahitaji kuelezwa zaidi: jumba hukarabatiwa vizuri, picha zake husambaa, na aliyezaliwa humo hurudi kama mhudumu.

Mimi naona Matera haina udhuru walio nao wengine. Mahali pengi meya atakwambia nyumba ni mali ya watu binafsi, atafanyaje? Huku Matera sehemu kubwa ya Sassi ilitwaliwa na serikali wakati wa kuwahamisha watu, na ile sheria ya 1986 iliipa manispaa nafasi ya kuzikabidhi kwa watu kwa mikataba ya muda. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba ni umma. Umma ungeweza kusema pango hili ni la kuishi na lile ni la wageni. Soko halikuinyang'anya Matera Sassi yake. Limeikodi kutoka kwa umma huo.

Hoja hii ya nyumba imefunika nyingine ambayo husikika kidogo: Basilicata si Matera peke yake. Mkoa una bahari mbili. Upande wa Ionia, Metaponto, zimesimama nguzo 15 za hekalu la Kigiriki la karne ya 6 kabla ya Kristo, na ufukwe wa mchanga ulio karibu unaliwa na bahari, kwa kuwa mabwawa yaliyojengwa kwenye mito yamezuia mchanga uliokuwa ukishuka kuujaza. Upande wa Tirenia, Maratea ina kipande kifupi cha pwani ya majabali, na juu ya mlima imesimama sanamu ya Kristo ya mita 21 iliyokamilika mwaka 1965. Kusini zaidi ni hifadhi ya taifa ya Pollino, ambako watafiti walipima msonobari mmoja wakakuta una miaka 1,230.

Jibu jepesi ni kuwatawanya watalii huko. Mimi nasita. Mti ule umefikisha umri huo ukiwa kwenye miamba ambako hata mbuzi hufika kwa shida, na barabara na maegesho havitauongezea maisha. Metaponto nako wageni zaidi hawatarudisha mchanga uliokwama nyuma ya bwawa. Wanaodhani utalii ni shughuli safi ikilinganishwa na mafuta yanayochimbwa katika bonde la Val d'Agri, kwenye mkoa huu huu, wana haki ya kulinganisha, ila wasisahau kuwa pwani nayo huchoka.

Kinachoweza kutawanywa bila madhara makubwa ni muda wa mgeni. Matera haina treni ya shirika la taifa. Njia ya kutoka Ferrandina ilianza kujengwa miaka ya 1980 ikabaki kiporo kwa miongo, na treni iliyopo ni ya reli nyembamba kutoka Bari, katika mkoa jirani wa Puglia. Kwa hiyo wengi huja asubuhi na kuondoka jioni, wakiacha takataka na bei ya kahawa. Mgeni wa siku 3 angevuka korongo kwa miguu hadi makanisa ya miambani. Angeona ndege aina ya kozi wadogo wanaotaga chini ya vigae vya mji kabla ya kuhamia Afrika kusini mwa Sahara wakati wa baridi. Chakula chake angekula juu, kwenye mitaa ya waliohamishwa, ambako maduka ya mkate yapo na wanaonunua ni wakazi.

Reli ni ya wizara. Mikataba ya Sassi ni ya manispaa, na kila mkataba una tarehe ya kumalizika. Siku hiyo ikifika, sharti la kwamba sehemu ya mapango yakaliwe mwaka mzima linaweza kuandikwa bila kumnyang'anya mtu mali yake. Wenye hoteli watalalamika kuwa wao ndio waliolipia ukarabati, na watakuwa na haki ya kufidiwa walichotumia.