Tuzo Ziwe Chini ya Ukurasa

Wasifu wa mwanamuziki wa injili na jazi unaposomwa kwenye maikrofoni kabla ya tamasha, iwe kanisani Nkrumah Road au ukumbini Nyali hapa Mombasa, tuzo ndizo hutangulia. Mimi ningezishusha. Juu pakae kazi yenyewe: alipiga nini, na nani, mwaka gani.

Tuzo zina tabia ya kuchelewa. Mwaka 1965 jopo la muziki la Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, lilipendekeza Duke Ellington, mpiga piano na mtunzi wa jazi, apewe heshima maalumu, bodi ya tuzo ikakataa. Mwaka huohuo alipiga tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu katika Grace Cathedral, San Francisco. Heshima hiyo ilifika 1999, amekufa miaka 25. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili aliyekuwa hodari wa gitaa la umeme, alifariki 1973. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayoenzi magwiji wa muziki wa rock, ikamkumbuka 2018. Wasifu wa tuzo tupu, ukiandikwa 1973, ungemfanya mama huyu aonekane mtu wa kawaida.

Na hata zikiwepo, tuzo huandikwa ovyo. Kuteuliwa kuwania si kushinda, lakini kwenye mabango yetu tofauti hiyo hupotea. Tuzo ya albamu si lazima iwe ya mpiga besi aliyepiga wimbo mmoja humo. Mwaka nao huchanganya: Grammy (tuzo ya muziki ya Marekani) ya kwanza ya mwimbaji wa injili Mahalia Jackson ilikuwa ya kazi za 1961, sherehe ikawa 1962, ndiyo maana utakuta miaka miwili kwa tuzo moja. Andika yote miwili. Nishani ya taifa kama HSC au OGW, zinazotolewa na Rais wa Kenya, ipewe mstari wake, kwa sababu haitolewi na watu wa muziki.

Sasa kazi yenyewe, ambako ndiko uzembe uliko. Chukua utenzi wa zamani uliopangwa upya kwa mtindo wa jazi. Hapo kuna watu wanne: mwandishi wa maneno, mtunzi wa sauti (yaani melodi), mfasiri wa Kiswahili, na mpangaji. Wengi huandika "wimbo wa kanisa" na kuishia hapo. Sauti inaweza kuwa imeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki huku tafsiri ikiwa bado na mwenyewe, na mpangilio mpya una haki zake.

Kila rekodi inapaswa kuwa na ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha, yenye tarakimu na herufi 12 kwa jumla. Toleo la jukwaani lipate namba yake, lisiazime ya studio. Zile tarakimu mbili za mwaka ndani yake ni za mwaka namba ilipotolewa. Usizitumie kama tarehe ya kurekodi.

Mpiga saksafoni anayelipwa taslimu na kuondoka ndiye hupotea kabisa. Amtumie prodyuza ujumbe siku hiyohiyo: jina kamili kwa tahajia moja, ala, jina la wimbo, tarehe. Wimbo ukishapakiwa mtandaoni, kurekebisha majina ni usumbufu mtupu.

Watunzi nao waweke saini kwenye karatasi ya mgao, inayoonyesha asilimia ya kila mmoja, kabla ya kutoka studio. Kila mmoja akijaza fomu yake ya kusajili wimbo kivyake, jumla hupita asilimia 100, na mirabaha ya wimbo huo huweza kuzuiwa mpaka wenyewe waelewane.