Tulisherehekea 9.79, tukaipita 1:41.70

Ile wikendi ya Juni 14 na 15, 2024, majaribio ya kitaifa ya Olimpiki pale uwanja wa Nyayo, Nairobi, simu yangu haikunyamaza. Kila grupu la WhatsApp ni Omanyala, Omanyala, Omanyala. Ferdinand Omanyala, mita mia kwa sekunde 9.79! Mimi pia nilipiga kelele mpaka nikaamsha mtoto, kwa sababu tukiwa wadogo Mkenya wa mita mia hatukumjua kabisa, tulijua Kenya ni kuruka viunzi na maji na elfu kumi basi. Lakini kuna kitu kilinichoma siku ile na mpaka leo kinanichoma. Kwenye mashindano hayo hayo kijana wa miaka 19, Emmanuel Wanyonyi, alikimbia mita 800 kwa 1:41.70 na watu wakapita tu, ati "hiyo ni kawaida yetu".

Kawaida gani jamani? Siku ile, kwenye historia yote ya mbio hizo, watu wawili tu ndio walikuwa wamewahi kukimbia haraka kuliko hapo: David Rudisha, 1:40.91 pale London 2012, na Wilson Kipketer, 1:41.11 mwaka 1997, naye ni mzaliwa wa huku ingawa alivaa jezi ya Denmark. Mwingereza Sebastian Coe na 1:41.73 yake ya 1981 alipitwa na mtoto wa Trans Nzoia aliyeacha shule akaenda kuchunga ng'ombe. Halafu nyuma ya Wanyonyi kuna Wyclife Kinyamal 1:42.50 na Koitatoi Kidali 1:42.66, yaani watatu chini ya 1:43 kwenye mchujo wa nchi moja.

Sasa kuna hili jambo la hewa ambalo hatupendi kuliongea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hivyo mtu wa mita mia anaipasua kirahisi na mbio zinaisha kabla mapafu hayajaanza kudai. Upepo ulikuwa ndani ya kipimo, 9.79 ni halali kabisa, sina neno. Hata 9.77 yake, rekodi ya Afrika, aliiweka uwanja wa Kasarani, Nairobi, 2021, juu huku huku. Lakini mtu wa 800 hewa hiyo hiyo inampunguzia mzigo mzunguko wa kwanza halafu inakuja kumdai mzunguko wa pili, pale anapovuta pumzi na oksijeni haitoshi. Ndiyo maana mimi nikisoma matokeo ya Nyayo, mita mia naipunguza kidogo kichwani, na ile 800 naipa uzito zaidi ya ulioandikwa.

Paris ikafika. Omanyala akatoka nusu fainali na 10.08, halafu fainali Noah Lyles akachukua dhahabu kwa 9.79, taimu ile ile ya Nyayo! Iliniuma sana, na matusi aliyorushiwa mtandaoni yaliniuma zaidi. Yeye hakumdanganya mtu. Ni sisi tuliochukua karatasi ya Juni tukaigeuza medali ya Agosti, wakati hapa nyumbani hana wa kumbana, kule akajipata kwenye mstari na watu wa mbio zake.

Wanyonyi naye? Dhahabu, 1:41.19, Marco Arop wa Kanada yuko hapo hapo na 1:41.20. Dhahabu ya tano mfululizo ya 800 wanaume kwa Kenya tangu Wilfred Bungei 2008. Siku 12 baadaye kule Lausanne akakimbia 1:41.11, sawa na Kipketer.

Si kwamba mchujo unasema kila kitu. Faith Kipyegon alishinda 1500 na 5000 pale Nyayo, na kwenye 5000 alimwacha Beatrice Chebet, kufika Paris ikageuka, Chebet dhahabu, Faith fedha. Na huyu Chebet mchujo wake wa elfu kumi aliukimbilia Eugene, Marekani, Mei, akawa mwanamke wa kwanza chini ya dakika 29, 28:54.14. Naelewa sababu, elfu kumi hapa juu taimu haziji. Lakini iliniuma kwamba rekodi ya dunia imewekwa kwenye mchujo wa Kenya na msichana wa Iten au Kericho anayeanza kukimbia hakuwa na uwanja wa kwenda kuiona.

Siku hizi matokeo ya majaribio yakitoka naanza na 800, na naanza na jina la nne, la yule anayebaki baada ya watatu kuchukua nafasi za nchi. Wa nne anaweza kuwa na taimu ambayo nchi nyingine ingempa tiketi ya ndege asubuhi hiyo hiyo, yeye jioni anatafuta matatu ya kurudi kambini.