Pumu, inhela na hofu ya saratani

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walipekua kumbukumbu za matibabu za wagonjwa wa pumu wapatao 90,000 na kuwalinganisha na watu kama 270,000 wasio nayo. Wenye pumu walionekana kuwa na hatari ya saratani iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 36. Habari ya namna hii ikiingia WhatsApp huwa "pumu inaleta kansa", na haichukui muda kugeuka "inhela zinaleta kansa". Balaa liko hapo, kwa sababu utafiti wenyewe ulielekea upande mwingine kabisa. Kati ya aina 13 za saratani zilizoangaliwa, wagonjwa wasiotumia steroidi za kuvuta, yaani dawa za inhela za kutuliza uvimbe wa njia za hewa, walikuwa na hatari kubwa zaidi katika aina 9. Waliozitumia, aina 2 tu.

Wanaosema uhusiano upo wana hoja. Pumu ni uvimbe wa kudumu kwenye njia za hewa, na uvimbe usiotulia huipa saratani nafasi ya kukua. Steroidi huutuliza. Inaingia akilini.

Lakini mimi siimezi yote. Kumbukumbu za hospitali huonyesha mambo yanayoandamana, si lipi limezaa lipi. Mwenye pumu huonana na daktari kila mara, basi hata saratani yake hugunduliwa upesi kuliko ya mtu asiyekanyaga hospitali. Zipo pia saratani za mapafu zinazobana mrija wa hewa, kifua kikatoa mlio kama filimbi, mgonjwa akaandikiwa dawa za pumu. Tena tafiti kadhaa zimeona kuwa wenye mzio, ambao mara nyingi huandamana na pumu, hupata glioma, saratani ya ubongo, kwa uchache kuliko wengine. Huenda kinga iliyo macho kupita kiasi ina faida yake.

Dawa mojawapo ya pumu iliyowahi kutiliwa shaka rasmi kuhusu saratani ni omalizumabu, sindano ya pumu kali ya mzio. Katika majaribio ya kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 2003, saratani ilionekana kwa asilimia 0.5 ya waliopewa dawa hiyo na 0.2 ya wasiopewa. Ufuatiliaji wa miaka mitano haukuona tofauti, ingawa mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya huko ilisema kasoro za utafiti huo haziruhusu kuifuta shaka yote.

Sindano hiyo ni ghali, na wengi wetu huku tunaijua inhela ya bluu tu. Hiyo hufungua kifua. Uvimbe inauacha palepale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima aitegemee peke yake. Kwa hiyo anayetupa inhela ya steroidi kwa kuogopa kansa anajiongezea hatari ya kubanwa kifua usiku, ambayo haina ubishi. Wa kuhangaikia zaidi ni mvutaji sigara wa miaka hamsini anayeambiwa leo ana pumu huku anakonda na kukohoa damu: huyo apigwe eksirei kwanza.