Gurudumu, Lubugo na Mama Mkwe

Makumbusho ya Taifa ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia kilima cha Kitante jijini Kampala mwaka 1954, yana nafasi ya kuweka mambo ya kale upande wake na mambo ya sayansi upande wake. Yale tuliyoyazuru sisi, ambayo jina lake nalihifadhi, yalikuwa na ukumbi mmoja tu: kushoto kulikuwa na ngoma, simbi zilizotumika zamani kama fedha na vitambaa vya magome, kulia kulikuwa na vyombo vya sayansi ambavyo mgeni huruhusiwa kuvishika na kuvijaribu, na katikati kulikuwa na ujia mwembamba, ambamo mama mkwe wangu alikuwa akipita taratibu katika gomesi lake jipya, lile vazi refu la wanawake wa Uganda lenye mkanda kiunoni.

Hapa sina budi kueleza jambo. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani wala hawapeani mikono, na wazee husema kwamba anayeuvunja mwiko huo hushikwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka. Mimi ni mtu wa Busia, lakini tangu nioe Masaka nimeuheshimu mwiko huo kuliko hata wenyewe. Siku hiyo njiani yeye alikaa mbele karibu na dereva, nami nikakaa kiti cha mwisho kabisa pamoja na mikungu ya matoke, tukisalimiana kupitia kwa wajukuu.

Kijana aliyetuongoza alinikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akanikabidhi gurudumu la baiskeli lenye mishikio pande zote mbili za ekseli, kisha shemeji yangu, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa kiasi, akalizungusha kwa nguvu zake zote. "Sasa lilaze, mzee," akasema kijana. Nikalilaza, na papo hapo kiti kikaanza kunipeleka kinyume cha gurudumu, kwa kuwa mzunguko hauzuki bure: ukielekea huku, sharti kitu kingine kizunguke kuelekea kule. Maelezo hayo yalikuwa mazuri sana, ingawa niliyasikia vipande vipande, kila nilipompita msemaji. Shemeji, alipoona kwamba sayansi inakwenda polepole, akakisukuma kiti kwa mkono.

"Nyosha miguu!" kijana akapaza sauti. Kanuni yake ni sahihi kabisa, kwani kinachozunguka hupunguza kasi kadiri uzito wake unavyosogezwa mbali na kitovu, ila haikuzingatia upana wa ujia. Ncha ya kiatu changu ikanasa mkanda wa gomesi. Mama mkwe akaruka upande wa kushoto, akashika nguzo, nguzo ikalala, na kipande kikubwa cha lubugo, yaani kitambaa cha magome, kilichobanduliwa kwenye mti wa mutuba na kupondwa kwa nyundo za mbao hadi kikalainika, kikanifunika kuanzia utosini hadi magotini.

UNESCO iliitangaza kazi hiyo ya magome kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, lakini Waganda wanaijua pia kwa matumizi mengine: ndiyo sanda. Bibi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alipomwona maiti ameketi na kuzunguka, alipiga yowe la msiba lililowaleta hata wauza mahindi wa nje.

Nilipofunuliwa na kusimama, mikono, magoti na kidevu vilikuwa vikitetemeka. Kijana akaeleza kwamba majimaji ya sikio la ndani huendelea kuzunguka hata baada ya mtu kusimama, kwa hiyo ningetulia baada ya muda mfupi. Hakuna aliyemsikiliza. Ukoo mzima ulikuwa umenitazama kiatu, ukautazama mkanda, ukatoa hukumu.

Mama mkwe, aliyekuwa amejificha nyuma ya ngoma kubwa akijifunga upya, akamwita mjukuu wake. "Muulize huyo kijana: gurudumu likigeuzwa upande wa pili, kiti nacho kinageuka?"

Kijana alifurahi, kwani hilo ndilo swali ambalo alikuwa akingoja mgeni yeyote amuulize. Akajibu kwamba ndivyo hasa.

"Basi mwambie baba yako akae tena, wamrudishe kinyume hadi obuko utoke ulivyoingia."

Kabla sijafungua kinywa kupinga, shemeji alikuwa ameshakunja mikono ya shati.