Eti Secretariat hakuzaa!

Juzi kinyozi wangu alikuwa akitazama kwenye simu mbio za farasi za Belmont, Marekani, za 1973, zile alizoshinda Secretariat. Jamaa aliyekaa kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akadakia: "Huyo Secretariat alijua kukimbia tu. Kwenye kuzalisha, hamna kitu." Na si mtu wa kubahatisha, ametunza farasi Dubai miaka sita. Ndiyo maana nilichukia zaidi.

Zile mbio sina haja ya kuzitetea. Maili moja na nusu, farasi watano, mpinzani wake Sham akang'ang'ana naye bega kwa bega mpaka pumzi ikamkata, akamaliza wa mwisho. Karibu na utepe, mpanda farasi wake, Ron Turcotte, anageuza shingo kutazama saa ya uwanjani, maana nyuma hakuna wa kumtazama. Secretariat akashinda kwa urefu wa farasi 31. Dakika 2 na sekunde 24, na rekodi hiyo bado iko palepale.

Tatizo ni wenye fedha. Mapema mwaka ule, hata mbio za Kentucky Derby hazijakimbiwa, walikwishanunua hisa 32 za haki ya kumpandisha kwa majike wao, dola 190,000 kila moja. Kwa bei hiyo walitaka dume mwingine kama baba yake, tena haraka. Hawakumpata. Haya, nakubali: mwanawe Risen Star alibeba mbio za Preakness na Belmont mwaka 1988, lakini hakuna mwana wa kiume aliyeusimamisha ukoo.

Wa kiume! Na mabinti je? Terlingua, binti yake, ndiye mama wa Storm Cat, dume ambaye ada yake ya kupandisha ilifika dola 500,000 kwa mtoto mmoja. Weekend Surprise, binti mwingine, akamzaa A.P. Indy, Farasi Bora wa Mwaka 1992 huko Marekani, naye akaja kuzalisha mabingwa. Secrettame akamzaa Gone West. Madume watatu wa kutajwa Kentucky nzima, babu yao mmoja, halafu tunaambiwa hamna kitu.

Hesabu hii naijua tangu utotoni. Babu yangu akiulizwa ana wajukuu wangapi, alijibu tisa. Tulikuwa kumi na saba. Sisi wanane tuliozaliwa na binti zake tulikuwa "wa kwa watu". Alipolala kitandani miaka miwili, aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi ni kaka yangu, wa kwa watu, na wale tisa wakituma salamu kwa simu.

Basi nikamtajia jamaa majina yote matatu, nimesimama, sauti juu, wateja wamenikodolea macho. Akasubiri nimalize.

"Storm Cat ni wa Storm Bird," akasema. "A.P. Indy ni wa Seattle Slew. Hao wana baba zao."

Kinyozi akacheka. Mimi nikaondoka na nywele zangu.