Jino lisilo na kosa

Mwaka wangu wa pili kazini nilimng'oa kijana mmoja magego mawili mazima. Nimeshawasimulia wenzangu kazini, tena kwa utani utani, lakini kuandika sijawahi.

Alikuja kwenye chumba cha meno cha kituo chetu, huku Kanda ya Ziwa, akiwa na miaka 22. Shavu la kushoto lilikuwa limetuna kama la mtu anayetafuna pande la muwa. "Dokta, haliumi," akaniambia, "ila haya magego yanacheza, nadhani ndiyo yanayoleta uvimbe." Nikayashika, kweli yanacheza. Hayakuwa na tundu, hayakuwa na weusi, fizi safi. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Nje kulikuwa na foleni, benchi limejaa hadi mlangoni, na mama mmoja mwenye mtoto anayelia alikuwa amechungulia mara mbili. Ganzi, koleo, pamba, amoksilini na flajili, nenda nyumbani. Haikufika robo saa.

Alirudi baada ya mwaka na miezi. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi chini ya sikio, na pale nilipong'oa pamejaa nyama inayochungulia kama ulimi wa pili. Mama yake ndiye aliyezungumza: "Tangu umng'oe ndio umekua." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananitajia tarehe tu.

Kwa haki, nilikosea kidogo kuliko anavyodhani yule mama, na nilikosea zaidi ya ninavyopenda kukiri. Kung'oa hakukuotesha uvimbe, ulikuwepo miaka kabla yangu. Nilichofanya ni kumpa jibu la uongo. Kijana aliondoka akiamini ametibiwa, akasubiri kidonda kikauke na uvimbe ushuke, kisha akasubiri tena, na katikati ya kusubiri huko ndugu wakampeleka kwa mtaalamu wa kijijini akachanjwa shavuni, chale saba, zikatunga usaha. Mwaka mzima ulipotea kwa sababu ya yale magego mawili.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ameloblastoma. Jina linatisha, ila asili yake inaeleweka. Jino linapotengenezwa ndani ya taya, kuna seli zenye kazi ya kuunda lile gamba lake gumu jeupe. Kazi ikiisha, mabaki ya seli za namna hiyo hubaki yamelala ndani ya taya. Kwa watu wachache huamka na kuanza kuzaana ovyo. Si kansa ya kusambaa mwilini, isipokuwa kwa nadra sana, lakini hula mfupa kama mchwa kwenye boriti. Kwa karibu wagonjwa wanne kati ya watano huota kwenye taya la chini, zaidi huku nyuma kwenye magego. Ukiachwa, mfupa hubaki mwembamba kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole unasikia unalia kama gamba la yai.

Na hauumi. Kwetu mtu anakwenda hospitali akiumwa, na nauli ya kufika mjini haitolewi kwa kitu kisichouma. Sisi wa chumba cha meno nasi tumezoea vivyo hivyo: aumwaye ndiye mgonjwa, asiyeumwa anangoja. Chuoni nilionyeshwa ameloblastoma, picha mbili ukutani, nikajibu na swali lake kwenye mtihani nikapata. Kwenye foleni haikunijia hata kidogo.

Sasa maoni yangu, na najua kuna wenzangu wataniona nimejifanya mkubwa: jino linalocheza ndani ya uvimbe usiouma lisiguswe kwa koleo kabla ya picha. Kama kituo hakina mashine ya eksirei, na vingi havina, basi mgonjwa aandikiwe rufaa bila kung'olewa. Picha ya taya zima, ile ambayo mashine inakizunguka kichwa, ikimkuta mwenye ugonjwa huu mara nyingi huonyesha matundu yaliyoshikana kama povu la sabuni, na hata mwanafunzi hawezi kuyapita. Kulipa picha kunauma mfukoni, sikatai. Ila nimeshamwona mtu aliyelipia kung'olewa mara tatu, jino moja moja, kwenye vituo vitatu tofauti, taya lilelile.

Sisemi kila uvimbe ungoje picha. Mtu akija amevimba chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umenyanyuliwa, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, huyo asiambiwe habari za picha wala foleni. Huo ndio ugonjwa aliouelezea daktari Mjerumani Ludwig mwaka 1836. Uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa, na hapo tunahesabu saa. Mara nyingi chanzo chake ni gego bovu la chini, na koleo lina kazi halali. Mimi nazungumzia ule wa taratibu, unaozoeleka hadi mtu anabadilisha upande wa kupigia picha ya harusi.

Tatizo liko ndani zaidi ya foleni. Huku kwetu kung'oa kumekuwa jibu la kila linalotokea mdomoni, na hilo halikuanza na sisi wenye vyeti. Angalieni habari ya "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni. Mtoto wa miezi sita anaharisha na kuchemka homa, bibi anapapasa fizi, anakuta vivimbe vyeupe. Ni chonge za utotoni zinazojiandaa kuota, lakini zinachimbuliwa kwa ncha ya kisu au spoku ya baiskeli kama ndizo ugonjwa. Wapo waliokufa kwa damu kuchafuka au kwa pepopunda, na wengi waliopona chonge zao za ukubwani ziliota zimepinda au hazikuota. Huwa tunawasema sana hao bibi. Mimi nilikuwa na ganzi, glavu na koleo lililochemshwa, na fikra ilikuwa ileile: kilichopo mdomoni na kinachotiliwa shaka, kitolewe.

Baada ya picha inakuja kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, na hapo ndipo mabishano huanza. "Dokta, si wanasema uvimbe ukiguswa na kisu ndio unasambaa?" Nimelisikia kwa wazee na kwa wenye digrii. Kipande kidogo kinachokatwa kwa ganzi, kikawekwa kwenye fomalini, maji ya kukihifadhi kisioze, na kupelekwa maabara, hakiufanyi uvimbe wa taya utawanyike. Kinachotokea ni kwamba watu wengi hukubali kukatwa wakiwa wamechelewa mno, wanakufa baadaye, na lawama inabebeshwa kisu.

Kinyama ni lazima kwa sababu taya lina magonjwa yanayofanana sura lakini tiba zake haziko hata jirani. Mfano ninaoupenda ni wa majirani zetu Waganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago pale Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni nini. Akaanza kuwakusanya wengine kama huyo, akaandika mwaka 1958, na mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati kilomita zipatazo 16,000 wakiuliza kila hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Walikuta ugonjwa unafuata joto na mvua, kule kule malaria inakotamba. Utamu wa kisa hiki kwangu ni huu: mtu wa kisu aligundua uvimbe wa taya usiotibiwa kwa kisu. Burkitt aliona dawa za kansa kama saiklofosfamidi zikiuyeyusha uvimbe ambao yeye angeukata bila faida. Nao ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wote mwilini mwa binadamu, na dalili yake ya mwanzo inaweza kuwa nini? Meno ya mtoto yanayocheza. Tabibu akiyang'oa na kusema rudi baada ya wiki mbili, hizo wiki mbili kwa huyo mtoto ni nyingi mno.

Turudi kwa kijana wangu. Kinyama kilithibitisha, akapelekwa hospitali ya rufaa, na huko ukazuka ugomvi ambao nimeuona mara nyingi tangu hapo: familia ilitaka akwanguliwe tu, mfupa ubaki. Nawaelewa. Nani anataka kijana wake akatwe taya? Lakini ameloblastoma ya kawaida ikikwanguliwa hurudi mara nyingi, hata baada ya miaka 10, kwa kuwa mizizi yake imejipenyeza kwenye mfupa unaoonekana mzima. Ndiyo maana wapasuaji hukata na sentimita moja hadi mbili za mfupa wa pembeni usio na dalili. Kuna aina nyingine, ya mfuko mmoja wa maji, inayowapata zaidi wadogo, ambayo huweza kutibiwa kwa upole zaidi. Anayezitenganisha ni picha na kinyama, si huruma ya shangazi.

Baada ya kukata, taya linahitaji kujengwa: chuma cha titani, au mfupa wa nyonga, au ule mfupa mwembamba wa mguuni unaokaa kando ya muundi, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Hapa hasira zangu hunipanda. Nimewasikia watu, tena wenye kalamu za kuidhinisha malipo, wakiita kazi hiyo urembo. Mtu aliyekatwa mfupa wa kidevu akaachwa hivyo, ulimi unakosa pa kujishikiza, mate yanamwagika kifuani, ugali anausikia harufu tu. Aje mmoja wao ale naye mezani.

Kijana wangu aliwekewa chuma. Ana kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, mdomo wa chini upande huo umekufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu uliondoka na mfupa, na anauza vocha na chaji za simu stendi. Nikipita ananipa shikamoo, nami huitikia haraka haraka.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, amevimba kulia, haumwi, gego linacheza. Nikampiga picha kwa simu yangu kwa ruhusa yake, nikamtumia daktari wa mkoani, nikamwandikia rufaa, nikamweleza kwa nini sing'oi. Alinisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi mara nne akaitia kwenye kitenge. Mlangoni nikamsikia akimwambia mwenzake aliyemsindikiza, "Huyu kung'oa hajui. Twende kwa yule wa sokoni."

Namba yake ya simu ninayo. Nimempigia mara mbili, haipatikani.