Mzazi Akitoka Arobaini, Anabaki na Nani?

Katika miji ya pwani, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na kwa siku arobaini hatakiwi kufanya kazi nyingine ila kupona na kunyonyesha. Mama yake au shangazi humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa kanga, humpikia uji wa pilipili manga, na mtoto akilia usiku humpokea ili mzazi apate kulala. Wapo wazee wanaoamini kwamba sonona ya baada ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, imezidi kwa sababu desturi hii imelegea. Wapo pia wanawake vijana, na baadhi ya wauguzi, wanaoiona arobaini kuwa ni kifungo ambamo mzazi huchungwa na wakwe wakati anahitaji utulivu. Kila upande una sehemu ya ukweli, ila naona wote wanahesabu siku bila kuwaangalia watu waliomo ndani ya siku hizo.

Hoja ya wazee si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ni kukosa msaada, umaskini, mimba isiyotarajiwa na ukatili wa mume. Mke anayelea kifungua mimba katika chumba cha kupanga Dar es Salaam, mama yake yuko mkoani na mume aliyeajiriwa amepewa siku 3 za likizo ambazo sheria ya kazi inamhakikishia, kwa kweli amepungukiwa na kitu ambacho bibi yake alikuwa nacho.

Hata hivyo, mikono inayomkanda mzazi ndiyo pia inayoweza kumnyamazisha. Akilia bila kujua kinachomliza, huambiwa ana deko, au akumbushwe kumshukuru Mungu kwa kuwa mtoto ni mzima. Pale ambapo yeye na mama mkwe hawakuwa wakielewana tangu awali, siku arobaini za kukaa pamoja ndani huweza kuuchimba zaidi mgogoro ule ule.

Jambo linaloonyesha pande zote mbili kwa uwazi ni imani ya kubemenda, iliyoenea sana Tanzania, kwamba wazazi wakikutana kimwili mapema, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto anayenyonya hudhoofu na kuchelewa kutembea. Siwezi kuibeza moja kwa moja, kwa sababu imempa mwanamke ambaye kidonda chake hakijapona sababu ya kukataa ambayo mume na ukoo mzima wanaiheshimu. Lakini imani hiyo hiyo huwatenga wanandoa kwa miezi mingi bila mazungumzo, wengine wakatafuta faraja kwingine na kurudi na maradhi. Na mtoto asipoongezeka uzito, hata kama ni kwa kuhara au lishe duni, lawama humwangukia mama. Mama mwenye sonona mara nyingi hupata shida kunyonyesha na kumhudumia mwanawe. Mtoto anapodhoofu, majirani wananong'ona kwamba amebemendwa, na aibu hiyo inamzamisha mama zaidi.

Zaidi ya hayo, kalenda ya sonona haifuati arobaini. Huzuni nyepesi ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili, lakini sonona yenyewe inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, mara nyingine baada ya bibi kufunga mzigo wake na kupanda basi. Chanjo za wiki ya 6 huangukia siku ya 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini. Mtoto huvuliwa nguo, huning'inizwa kwenye mizani, kadi hujazwa, na mama anaondoka bila mtu kumuuliza analalaje.

Wauguzi wanajibu kwamba foleni ni ndefu, na kwamba kumuuliza mtu maumivu yake bila kuwa na pa kumpeleka ni kumwongezea mzigo. Ni jibu la haki. Lakini dodoso la Edinburgh, la kutambua dalili za sonona kwa aliyejifungua, lililochapishwa 1987, lina maswali 10 tu, na la mwisho linagusa wazo la kujidhuru, ambalo halifai kusubiri. Kuhusu pa kumpeleka, utafiti wa vijijini Pakistani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa kuzungumza na kina mama majumbani walipunguza sonona kwa zaidi ya nusu, ikilinganishwa na wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Wahudumu wa namna hiyo tunao, na mume anaweza kuwemo katika mazungumzo hayo, kwani bibi akishaondoka yeye ndiye anayebaki ndani. Mtoto atarudi kliniki wiki ya 10, ya 14, na tena miezi 9 kwa chanjo ya surua, na mara zote hizo mama yake atakuwa amekaa kwenye benchi lile lile.